Kitabu cha Jalada Laini na Msimu wa Korosho

Mhadhara wa wazi uliotolewa Chuno, Mtwara

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie utamaduni wa kusoma. Nikaomba nipunguziwe mzigo, nizungumzie kitu kinachoshikika: kitabu cha jalada laini, kile unachokikunja ukakitia mfuko wa nyuma wa suruali, ukakikalia kwenye basi, na bado kikasomeka.

Huo utamaduni wa kusoma nimeukwepa kwa makusudi. Kila mtu analo la kusema juu yake, na karibu yote ni lawama. Watanzania hawasomi. Vijana wa simu hawasomi. Ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Maneno haya ya mwisho nimeyasikia kwenye semina, misibani na hata harusini, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye kitabu chake cha mwisho kilikuwa cha mtihani wa kidato cha nne. Leo nitauliza maswali ya mfanyabiashara tu. Kitabu kinauzwa wapi? Kinauzwa lini? Anayepita hapo mfukoni ana nini? Nikiyafuata maswali hayo naona kwamba huku kusini, kabla msomaji hajakikimbia kitabu, kitabu kilikuwa kimeshahama mtaani kwake.

Tuanzie mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

Mwaka 1935 Mwingereza aitwaye Allen Lane alitoa vitabu 10 kwa mpigo chini ya jina la Penguin, kila kimoja kwa peni 6. Bei hiyo aliipima kwa sigara: peni 6 zilitosha pakiti ya sigara 10. Wengi husimulia kana kwamba Lane ndiye aliyevumbua jalada laini. Sivyo. Kampuni ya Tauchnitz ya Leipzig, Ujerumani, ilikuwa ikiuza vitabu vya Kiingereza vya jalada laini tangu 1841, na nyingine, Albatross, ilianza 1932 kwa vipimo na rangi za majalada ambazo Lane alizichukua karibu kama zilivyo. Alichobadilisha Lane ni muuzaji. Wenye maduka ya vitabu walimnunia, maana kwenye peni 6 faida ya duka ni makombo. Oda iliyomwokoa, ya nakala 63,500, ilitoka Woolworths, maduka yaliyouza vikombe, soksi na peremende. Mama aliyekwenda kununua soksi akarudi na riwaya. Ndani ya mwaka mmoja zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 3.

Miaka 4 baadaye Pocket Books ya Marekani ikapita njia hiyohiyo. Kitabu kiliuzwa senti 25, na waliokisambaza ni walewale waliosambaza magazeti, kwa hiyo kikakaa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa. Kisha vita. Kati ya 1943 na 1947 askari wa Marekani waligawiwa bure nakala zipatazo milioni 123 za vitabu vilivyokatwa kwa umbo la kulala ili viingie mfuko wa sare. Aliyewahi kuvaa sare anajua sababu: askari hupigana kidogo na kungoja sana. Nawaomba mlishike hilo la kungoja, maana nitalirudia.

Sasa kwetu. Kwa wenzetu riwaya huzaliwa na jalada gumu, na ikishapata jina ndipo inavishwa jalada laini kwa ajili ya watu wa kawaida. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilitoka London mwaka 1958 kwa jalada gumu na kwa bei ya huko huko. Ilipotolewa upya 1962 kwa jalada laini, ikiwa namba moja katika mfululizo wa African Writers Series wa Heinemann, ndipo ilipoanza kuingia kwenye mabegi ya wanafunzi wa Afrika. Riwaya ya Kiswahili haikupanda ngazi hiyo. Kwa sehemu kubwa imezaliwa laini na imekulia laini, na ndiyo maana hatukuwa hata na haja ya kuita kitabu cha jalada laini kwa jina lake. Kilikuwa kitabu basi.

East African Literature Bureau ilianzishwa 1948, makao yake Nairobi. Mbali na kuchapa, ilikuwa ikituma masanduku ya vitabu vya kuazima na kuazimisha vingine kwa posta. Shindano lake la hadithi za Kiswahili la 1957–58 lilimpa ushindi Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kitabuni, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akaingia nyumba za Waswahili asitoke tena. Mwaka 1965 ikafuata Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Na mwaka 1974 Kufa na Kupona ya Elvis Musiba.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kufa na Kupona inatuhusu sisi kuliko inavyomhusu mtu wa Arusha. Shujaa wake, Willy Gamba, anatumwa kufuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibwa kutoka Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Mfikirieni msomaji wa Mtwara wa mwaka ule. Tangu Septemba 1964 FRELIMO ilikuwa vitani ng'ambo ya Ruvuma. Wakimbizi walikuwa wamevuka mto. Nachingwea kulikuwa na kambi ya wapiganaji. Hapa jirani, Naliendele, ndipo walipozikwa askari wetu waliopoteza maisha Msumbiji. Mtu wa mbali aliona majasusi wa wakoloni kama chumvi ya hadithi. Mtu wa Kitaya au Mahurunga, anayeiona Msumbiji akisimama shambani kwake, hakuhitaji kuelezwa kwamba siri ikivuja watu wanakufa.

Chuo kikuu walizipa riwaya hizi jina la riwaya pendwa, na wakali zaidi wakaziita chapwa. Sitabishana nao kwa kila jambo. Willy Gamba ana mengi ya James Bond, kila mwanamke anayekutana naye ni mrembo kupita kiasi, na risasi za adui zina tabia ya kumkosa. Mwalimu wa fasihi akikunja uso, ana haki. Lakini huyu Musiba alikuwa mfanyabiashara, hata baadaye akaongoza chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, na alijua jambo ambalo wahakiki hawakulitilia maanani: hadithi lazima imkute mtu njiani. Alianzisha kampuni yake ya kuchapisha, Continental. Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, akaanzisha Heko. Kajubi Mukajanga naye akafuata njia hiyo. Waandishi hawa walikuwa wachapishaji na wapagazi wa vitabu vyao wenyewe. Kitabu kiliwekwa kwenye meza ya magazeti, kati ya Uhuru na njugu za kukaanga, mahali ambapo mtu mwenye mikono ya grisi hakuona haya kusimama.

Ilikuwaje vitabu hivyo vikafika huku? Kwa shida. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, na masika yakikaza, barabara ilijifunga yenyewe na Mtwara ikawa kisiwa. Kitabu kilikuja na meli, au na ndugu, au na mwalimu aliyehamishwa. Kikishafika hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kilizunguka Ligula, kikaenda Mikindani, kikapelekwa Newala na mtu anayekwenda msibani, kikarudi hakina jalada. Nimewahi kusoma riwaya ya upelelezi ambayo kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda kufungia sabuni au ugoro, sijui. Tuliokisoma kitabu kile tuligawanyika makundi mawili juu ya nani alikuwa muuaji, na ubishi ule ulikuwa uhakiki bora kuliko mwingi nilioukuta baadaye madarasani.

Lipo jambo jingine la miaka ile linalosahauliwa. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: redio, vikundi vya kusoma, na vijitabu vya jalada laini vilivyopelekwa mpaka vijijini. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hadithi haikuwa tamu, ilikuwa ni vyoo na malaria na maji ya kuchemsha. Lakini kijitabu kilifika, na kilifika siku ile ambayo redio ilikuwa inakizungumzia. Nchi isiyokuwa na lami ya kutosha wala simu iliweza. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba haiwezekani kupeleka vitabu Nanyamba au Tandahimba, namsikiliza kwa heshima na simwamini.

Baada ya hapo yakaja mambo matatu, na nitayataja haraka. Karatasi ikaadimika pamoja na fedha za kigeni. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilifunguliwa 1985, lakini vitabu vya miaka ile mnavijua, karatasi ya kijivu inayonywa wino. Kisha video, na kuanzia 1994 televisheni binafsi Bara. Kibanda cha video kilimpa kijana Bond mwenyewe badala ya Willy Gamba, tena kwa bei ya chini. Kisha magazeti ya hadithi na udaku. Wengi wetu tuliyadharau, lakini Eric Shigongo na wenzake walifanya hasa alichofanya Lane: wakaichukua hadithi, wakaikata vipande, wakaiuza kwa bei ya gazeti, kwa muuza gazeti, na mwisho wa kipande wakaandika "itaendelea". Leo vipande hivyo vimehamia WhatsApp. Binti wa saluni anatuma shilingi mia kadhaa kwa simu apate sehemu ya 14 ya simulizi, na asiyetuma anabembeleza atumiwe na mwenzake. Huyo ndiye mnayesema hasomi?

Hadithi, basi, haikumkosa mteja. Kilichobaki peke yake ni kitabu, na kitabu kilipokosa meza ya magazeti kilikimbilia shule.

Hili la shule ndilo zito, na naomba walimu wenzangu mnivumilie. Leo ukimuuliza mchapishaji kitabu kipi kinauzwa, atakutajia vile vilivyoko kwenye orodha ya kidato cha tatu na cha nne. Takadini ya Ben Hanson. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Joka la Mdimu ya Safari. Ukipanda kidato cha tano utaikuta Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Ni vitabu vyema. Vuta N'kuvute ni miongoni mwa riwaya bora kabisa zilizoandikwa kwa lugha hii. Lakini kizazi baada ya kizazi cha Watanzania kimesoma riwaya zilezile tatu, kikazisoma kwa hofu ya mtihani, na siku ya mtihani wa mwisho kikaziacha mezani kama mgonjwa anavyoacha shuka ya hospitali.

Tena "wamezisoma" ni neno la ukarimu. Pitieni stesheneri yoyote mjini. Kitabu chenyewe kikiuzwa kimoja, vya uchambuzi vinauzwa vitatu: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, falsafa ya mwandishi, vyote vimetafunwa. Na karibu na mashine ya kutolea kopi utakuta Takadini nzima imetolewa kopi na kufungwa kwa spairo. Sheria ya hakimiliki inaliita jambo hilo kwa jina lake, na mwandishi ananyonywa, sitetei. Ila mjuzi wa biashara hulitazama kwa jicho la pili: hapo pana mtu aliyetaka kitabu, akakikosa dukani, akaamua kukitengeneza. Mchapishaji aliyeko Dar es Salaam anapaswa kumwonea wivu huyo mwenye mashine.

Hata tunapojaribu kuwainua waandishi tunaishia palepale. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ni jambo la kupongezwa: mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10, na serikali inakichapa kitabu chake. Kinapelekwa wapi? Mashuleni. Kijana wa bodaboda aliyemaliza shule miaka 6 iliyopita hatakiona, isipokuwa mdogo wake akija nacho nyumbani. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mtu wa pwani ameshinda Nobeli, ameandika juu ya misafara na biashara ya pwani yetu hii, kitabu kiko kwa Kiswahili, kwa jalada laini. Nendeni stendi kuu mkaulizie. Mtapata maji, karanga, chaja za simu na Biblia, na kama mna bahati, vitabu vya duwa. Wenye vitabu vya dini hawajasahau kwamba kitabu huuzwa mahali watu wanapongoja.

Niruhusuni sasa nikifungue kitabu chenyewe, maana tunasema jalada laini, jalada laini, bila kukiangalia. Hiki nilicho nacho mkononi kilitoka kiwandani bila kushonwa. Kurasa zilipangwa, mgongo ukakwanguliwa, ukapakwa gundi ya moto, jalada likabandikwa juu yake. Ni njia ya haraka na rahisi, na kwenye nchi kavu haina neno. Hapa kwetu ina adui watatu. Wa kwanza ni joto: gundi ile kila mwaka inapoteza unyumbufu, hadi siku unakifungua kitabu kwa nguvu unasikia "ka", mgongo umepasuka katikati, na kurasa zinaanza kutoka moja moja kama meno ya mzee. Wa pili ni unyevu. Jalada limepakwa plastiki upande wa nje peke yake. Upande wa ndani ni karatasi tupu, unakunywa unyevu wa bahari na kutanuka, wa nje hautanuki, na ndiyo sababu jalada linajikunja kwenda nje hata kama kitabu hakijaguswa. Mteja anadhani ni kitabu cha mtumba, kumbe kimekaa mwezi mmoja kwenye kabati ya Shangani. Wa tatu ni kutu. Vile vitabu vyembamba vya watoto havina gundi, vina pini mbili mgongoni. Pini ya kawaida, kwenye hewa hii ya chumvi, haimalizi masika mawili: inabadilika rangi, inaitia karatasi doa la kahawia, doa linakuwa tundu, na ukurasa wa katikati unachomoka mzima.

Msinielewe kwamba nataka tuletewe vitabu vya jalada gumu. Mchwa hawachagui jalada, na bei ingepanda mara mbili. Ninachosema ni kwamba mkutubi wa huku anahitaji vitu vidogo ambavyo hakuna bajeti inayovitaja: uzi wa katani au wa pamba nene, sindano ya gunia, gundi nyeupe, na kitambaa cha kubandika mgongoni. Kitabu kikifika tu, kabla hakijagongwa muhuri, kitobolewe matundu matatu karibu na mgongo na kishonwe. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Nimeona nakala zilizoshonwa namna hiyo zikipita mikononi mwa darasa baada ya darasa. Zilizobandikwa selotepu, mnazijua wenyewe: selotepu inakauka, gundi yake inabaki, kurasa zinagandana, na mende wanakuja kula kilichobaki. Uji wa muhogo pia msitumie kama mnaogopa wadudu. Mzee mmoja hapo mbele anacheka, naona ameshautumia.

Nimefika kwenye korosho.

Wote mnajua mwaka wetu ulivyo. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa, vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, vinatangaza bei, vyama vya msingi vinapeleka majina benki, na mkulima anangoja. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku mwaka 2007, kungoja kumekuwa sehemu ya kilimo: unangoja mzigo upimwe, unangoja mnada, unangoja fedha ziingie, unangoja foleni ya benki. Fedha zikiingia, mji unafurika. Lori za magodoro zinatoka Dar es Salaam. Kuna mabati, pikipiki, vitenge, redio zenye taa, nguo za sherehe za unyago. Kila mchuuzi wa Tanzania anajua kwamba Novemba na Desemba mtu wa Mtwara ana noti. Mchapishaji wa vitabu peke yake ndiye asiyejua. Yeye anakuja Januari, kupitia shule, wakati mzazi ameshamaliza fedha kwa sare na madaftari, halafu anaandika ripoti kwamba mikoa ya kusini haina mwamko.

Tufanye hesabu. Tuseme kitabu cha hadithi ni shilingi 10,000. Mwaka 2018 serikali ilipoinunua korosho yote, bei ilitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo kitabu ni kilo tatu na kitu. Mtu anayepeleka ghalani magunia 10 hawezi kusema kilo tatu zimemshinda. Mwezi Aprili, kitabu hichohicho ni mboga ya wiki. Bei haikubadilika, kilichobadilika ni mwezi. Ndiyo maana kila ninaposikia mjadala wa bei ya vitabu bila kutajwa tarehe, huwa najua mzungumzaji analipwa mshahara.

Mtu ataniuliza, nani atauza? Jamani, hili linaulizwa Mtwara? Vijana waliotoka huku kusini ndio walioipa nchi nzima jina la machinga. Wametembeza saa, mikanda, mashati na vifaa vya simu kwenye foleni zote za Dar es Salaam. Kijana anayeweza kukuuzia kifuniko cha simu ambayo huna hatashindwa kukuuzia riwaya kama Mwana wa Yungi Hulewa. Kinachomshinda ni mtaji wa kununua nakala 30 zisizo na uhakika wa kutoka. Hapo ndipo mchapishaji anapotakiwa alegeze mkono: ampe kwa mali kauli, kama wanavyopewa wauza magazeti. Gazeti lisilouzwa hurudi. Kitabu kisichouzwa, kwa desturi yetu, ni hasara ya muuzaji, kwa hiyo muuzaji hakigusi. Wale Pocket Books wa Marekani hawakuwa na karatasi ya ajabu kuliko yetu. Walikubali kubeba hasara badala ya muuzaji, kwa mtindo uleule wa magazeti.

Mahali pa kuanzia nitapataja, mkipinga mpinge kwa majina. Stendi kuu, basi la Dar es Salaam la alfajiri, mtu ana saa nyingi mbele yake na chaji ya simu itaisha kabla ya Kibiti. Kivuko cha Msangamkuu. Kliniki za mama na mtoto, ambako mama anakaa benchi nusu siku akitazama bango lilelile la chanjo. Ghala la korosho siku ya kupima. Na magulio ya vijijini wakati wa msimu, pembeni ya mitumba, vitabu vimetandazwa chini kwenye turubai kama viatu. Najua wapo wasomi watakaoudhika kumwona Shaaban Robert chini kwenye turubai. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali aliyehangaika kupata wachapishaji. Nadhani angeinama akahesabu ni nakala ngapi zimebaki.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mzazi mmoja aliniambia: ukifungua mlango huo wataingia na vitabu vya uchafu, vyenye picha za wanawake kwenye jalada, na mabinti zetu watasoma nini? Simjibu kwa dharau. Majalada ya miaka ya themanini yalikuwa na bastola na paja, na baadhi ya hadithi zilistahili majalada yao. Hata hivyo mzazi huyohuyo ana binti mwenye simu, na ndani ya simu ile hakuna mwalimu, hakuna mhariri, hakuna hata jina la mwandishi. Kitabu kimepita kwa mhariri na kina jina juu yake; nyumbani kinaonekana kimelala juu ya kiti, na mama akiokota anaweza kukisoma na yeye. Tena Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa hoja hiihii ya kuwaharibu mabinti, na leo inafundishwa chuo kikuu kama kitabu kilichowaonya. Kwa upande wangu, binti akichagua Bwana Msa, Willy Gamba au simulizi ya mapenzi ya kawaida kabisa, nitamwachia. Mtu hujifunza kuchagua akiwa na vitu vya kuchagua, na sasa hivi tumempa vitatu, vyote vya mtihani.

La mwisho ni maktaba, ambayo sikuitaja muda mrefu kwa sababu sitaki ibebeshwe kazi ya soko. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na mkoa wetu una maktaba yake, ina viti, ina kivuli, na wanafunzi wanajaa wakati wa mitihani. Wengi wanaingia na madaftari yao, wanatumia meza, wanatoka. Ni haki yao. Lakini kama mchapishaji atakubali kuleta turubai lake msimu ujao, naomba nakala zisizouzwa zisirudishwe Dar es Salaam, kwa sababu nauli ya kuzirudisha inakaribia thamani yake. Zibaki hapa, zishonwe, ziwekwe kwenye masanduku kama yale ya Bureau, moja liende Msimbati, moja Nanguruwe, moja Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, na kila sanduku liwe na daftari la majina na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Baada ya mwaka tuhesabu, kwanza vilivyopotea, maana mahali ambapo hakuna kilichopotea pengine hakuna kilichosomwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mkono wa mwalimu mmoja wa Kiswahili umeinuka tangu nilipogusa vitabu vya uchambuzi, nami ningependa aanze yeye.